Mke Hafuatwi kwa Pikiniki

Kiwalani
Jumamosi, 2 Oktoba 1993

Kwa mkwe wangu Mama Salma, Kimbiji
(Kwa mkono wa Mfaume wa mkaa)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Hujambo mkwe? Na hilo goti, limepoa? Nilisikia siku hizi unaswali umekaa kwenye kigoda, nikasikitika mno. Sie huku tu wazima kwa uwezo wake Mola, tunapambana na vumbi na mbu tu. Kaka yako Mwishehe mpe shikamoo yangu, umsemeze sikio la kulia, maana najua la kushoto ni pambo.

Mkwe, nimekaa nikawaza, nikaona nikuandikie kwa mkono wangu, usije ukasikia ya barabarani. Watoto wetu wametuaibisha sote wawili. Tangu Salma aondoke hapa na sanduku lake, baada tu ya Maulidi, Anwar hali akashiba. Ananijibu kwa kichwa kama mbuzi. Nami najua huko kwako Salma naye usingizi haumjii. Ndoa bado mbichi, mwaka wa pili huu, tuiache ivunjike tukiitazama?

Nimepata njia. Sie kina mama wa darsa tumekuwa na hamu ya kutoka tukapunge upepo. Jirani yetu Projestus, Mhaya, mtu mwema ingawa ni wa kanisani, kanunua boti ya faiba yenye mashine, anawakodisha watu wa pikiniki. Basi tumesema Jumamosi tarehe 30 tuondoke Feri asubuhi, tufuate pwani taratibu, tuangukie kwako Kimbiji. Tupike, tusome dua, tulale, Jumapili turudi. Watu kama kumi na wawili hivi. Mchele na nyama tutakuja navyo, wewe utupe kuni, maji na mikeka.

Anwar atakuwamo. Salma akimwona mumewe kati ya watu wanaocheka, moyo utalainika. Jumapili asubuhi na wewe upande tukuzungushe kidogo baharini, familia nzima, halafu Salma anabaki botini na sanduku lake tunaondoka naye. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyeombwa. Watakaotuona watasema ni matembezi.

Naomba unijibu upesi, maana boti inataka kusemewa mapema.

Mkweo akupendaye,
Rukaiya, Mama Anwar


Kimbiji
Jumapili, 10 Oktoba 1993

Mama Anwar,

Waalaykum salaam. Goti langu ni langu, litapoa likitaka.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nikacheka. Ya pili nikaenda kutia udhu upya.

Mwenzangu, kwani wewe ulizaliwa wapi? Kwetu mke akirudi kwao anafuatwa. Mume anatafuta wazee wawili, wanakuja kwa njia ya nchi kavu, wanavua viatu mbali, wanakaa mkekani wanasema, tumekosa. Hata kama hawakukosa, wanasema. Ndiyo adabu yenyewe. Hawaji na sufuria la pilau na ngoma ya mashine. Mke hafuatwi kwa pikiniki. Au mwanangu ni kokwa ya embe, mnapita mnaokota mnaendelea na safari?

Na kilichomtoa unakijua, ila barua nzima hukukitaja. Mwanao kaleta televisheni na deki ya video, kaziweka chumba cha mbele cha mkewe, katundika shuka dirishani, kaita ukumbi. Wanaume wa Kiwalani nzima wamejaa humo wanatazama picha za kupigana, wanatema mate sakafuni. Salma akitaka kwenda chooni apite kati ya magoti yao, huku akisema samahani kaka, samahani kaka, ndani ya nyumba yake! Alipolalamika, mwanao akamwambia, nami naandika kama kilivyotoka kinywani mwake, "Kama hutaki, rudi kwenu Kimbiji ukakaushe pweza." Haya, karudi. Anakausha pweza.

Na wewe swala tano ulikuwa wapi? Mwanangu kanieleza. Ulikuwa mlangoni, mkono huu tasbihi, mkono huu unapokea viingilio.

Jingine. Eti nipande botini na Anwar tuzungushwe. Tangu lini mama mkwe akakaa ubavu kwa ubavu na mkwewe? Mie na mwanao tukikutana njiani, mmoja wetu huingia kichakani mpaka mwenzie apite. Botini nitaingia wapi, majini?

Leteni wazee. Boti mbakie nayo.

Mauwa binti Kombo


Kiwalani
Jumamosi, 16 Oktoba 1993

Mama Salma,

Assalaam alaykum. Nimekuandikia kwa mapenzi, umenijibu kwa shoka. Sawa.

Mlangoni nilikaa, sikatai. Nilikaa ili vitoto visiingie kuona yasiyo ya umri wao, Mungu ndiye shahidi wangu. Na hiyo deki unayoitukana ndiyo iliyomnunulia Salma kitanda cha sita kwa sita. Alikilalia, au hakukilalia? Kijana wangu kaachishwa kazi kiwandani pamoja na wenzie wote, ulitaka aketi kibarazani alie? Zama hizi kila mtu anatafuta kwa alichonacho.

Sasa nami nikuambie lako, maana umelificha. Salma alipokuwa hapa, kila Mfaume akiteremsha mkaa huku, ulimpa salamu moja tu ya kumfikishia: "Mwambie chumba chake kipo, nimekifagia." Kila wiki! Mke gani atatulia kwa mume, akiambiwa kila wiki chumba chake kwa mama kimefagiliwa? Mwanangu kafungua mlango wa video, wewe umefungua mlango wa kutokea. Nani kavunja nyumba?

Tena tunakuja. Boti imeshasemwa, kina mama wameshanunua kanga za sare, siwezi kurudi darsani kuwaambia mkwe wangu kagoma. Ukitufungia mlango tutalala kwa kaka Mwishehe, yeye hana kinyongo.

Jambo moja nakuuliza kiutu uzima, kwa kuwa ni roho za watu. Nahodha wa Projestus anaitwa Leonardi. Kakulia ziwani huko Bukoba. Boti anaijua, huku amezoea kuvusha watu hapa hapa bandarini, lakini pwani ya kwenu hajafika. Anasema tukiondoka Feri saa mbili tutakuwa kwenu saa tano asubuhi. Je, saa hiyo panaingilika? Anasema ziwani kwao maji hukaa yalipo, haya ya kwenu yanayoondoka na kurudi bado hajayazoea, wenyeji ndio waulizwe.

Nijibu hilo tu. Mengine tutayasema mkekani.

Rukaiya


Kimbiji
Jumapili, 24 Oktoba 1993

Mama Anwar,

Umeuliza saa tano. Bahari ipo pale pale Mungu alipoiweka. Njooni hiyo hiyo saa tano, na Anwar avae vizuri.

Nitakuwa pwani nawasubiri.

Mauwa


Kiwalani
Alhamisi, 4 Novemba 1993

Mauwa,

Salamu ni haki ya kila Muislamu, basi assalaam alaykum. Haki nimeitoa, sasa nisikilize.

Ulijua. Mwezi mpevu, bamvua kubwa, saa tano asubuhi maji yametoka yote mpaka nje ya mwamba. Hata anayetambaa hapo Kimbiji anajua. Ukaandika njooni. Boti ikakwama kule mbali, Leonardi wa watu anazunguka anashika kichwa, "Mama, maji yamekwenda wapi?" Tukashuka. Watu wazima, na kanga zetu mpya, tope la magoti, mawe ya mwamba yanatukata nyayo. Sufuria la pilau likamponyoka mwenzetu, nyama ikaliwa na kaa. Kina mama wananiuliza, "Bi Rukaiya, mkweo ndiye aliyesema tuje saa hii?" Nikasema hapana, nahodha kakosea. Nimesema uongo kukusitiri wewe, na Leonardi akanisikia, akainamisha macho.

Mie nilikatwa kisigino. Anwar akavua suruali, akaifunga kichwani, akabaki na bukta, akanibeba mgongoni. Nikiwa juu ya mgongo wa mwanangu nikakuona. Umesimama pale juu na mwavuli, wenzio nyuma yako, mnajishika mbavu.

Nilisema moyoni, leo Mola nipe kimoja tu. Akanipa papo hapo. Kaka Mwishehe akatokea nyuma yako na bakora yake.

"Mauwa, unatazama nini?"

"Napokea wageni, kaka."

"Unawapokea kwa macho? Huyo mwanamume mwenye mapaja wazi, nani wako?"

Ukashusha mwavuli.

"Nakuuliza!"

"Mkwe wangu."

"Ulitakiwa ugeuke. Hukugeuka, ukaita na wenzio. Macho yako yamekula kisicho chako. Kwenye shauri la mkweo leo hukai."

Moyo wangu ulicheza ngoma, nasema kweli. Kumbe yule mzee hajamaliza. Akanigeukia nami, damu inanitoka: "Wa mke hakai, basi na wa mume hakai. Nendeni jikoni wote wawili."

Basi wakakaa wao barazani, kaka yako, Anwar na Salma, mimi na wewe tukatupwa jikoni, wewe umegeukia ukuta, mie nimegeukia mlango. Mpaka magharibi. Hukunipa hata kitambaa cha kufunga kisigino.

Jumapili alfajiri maji yamejaa, Salma kapanda boti na sanduku lake. Nikajua nimekushinda. Njia nzima nilikuwa navuta tasbihi kwa furaha. Tulipofika Feri wakaniambia, "Tangulia mama, sie tunapitia Kariakoo mara moja." Nikatangulia. Nikapika. Chakula kikapoa, nikakipasha, kikapoa tena.

Jumanne nimerudi kutoka darsani, chumba cha mbele kitupu. Televisheni hakuna, deki hakuna, kitanda hakuna, hata shuka la dirishani. Majirani wanasema Anwar alikuja na mkokoteni.

Najua wako kwako. Mlipanga, ninyi na kaka yenu. Umenizamisha topeni, sasa umeninyang'anya na mtoto. Anwar ni mwanangu wa pekee, Mauwa, unalijua hilo. Nirudishie.

Rukaiya


Kimbiji
Jumapili, 7 Novemba 1993

Rukaiya,

Waalaykum salaam.

La maji sikuombi radhi. Ningekuandikia njoo saa kumi jioni mngeteremka kavu, mnapiga vigelegele, mwanangu angechukuliwa kama kikapu. Nilitaka mtembee. Nilitaka watu wa Kimbiji waone mnakuja kwa miguu, kama wanavyokuja watu waliokosa. Mlikataa kuja kwa adabu, bahari ikawafundisha. La kisigino sikulijua, nilidhani unajidekeza.

La kaka yangu limeniuma, usifikiri halikuniuma. Mie ndiye niliyekuwa nawafundisha mabinti wa hapa adabu za ukwe, leo naambiwa mbele yao macho yangu yamekula kisicho changu. Siku hizi nikipita wananiita "Bi Mwavuli." Furahi.

Lakini usinifanye mtoto. Eti wako kwangu! Salma aliondoka alfajiri ile akanipa mkono tu. Hakulia. Nikamwambia, mwanangu, chumba chako kipo. Akasema, "Mama, kifanye ghala." Akaenda. Ndilo neno lake la mwisho kwangu, nami nimelibeba mpaka leo halitui. Sasa wewe unayekaa naye unaniandikia unajifanya hujui aliko, ili nisije kumwona. Umemfungia. Unamwambia mama yako ni mchawi wa maji.

Mtoe aniandikie mistari miwili. Salma hana mkono mzito, angekuwa huru angeshaniandikia.

Mauwa


Kiwalani
Jumapili, 14 Novemba 1993

Mauwa,

Assalaam alaykum.

Wallahi, billahi, tallahi. Nimetia udhu, nimeshika Msahafu, naandika. Sina Salma. Sina Anwar. Njoo ufungue kila mlango wa nyumba hii, hata uvunguni tazama.

Nimekwenda kwa rafiki zake Kipawa, wanasema hawajamwona, lakini wanatazama chini wakisema. Nimekwenda kwa Projestus, nimemwambia nahodha wako aliwasikia wakizungumza botini, mwite. Leonardi kaja, kaniamkia vizuri, shikamoo mama, halafu kasema, "Mama, siku ile uliniwekea kosa lisilo langu, sikukujibu. Na leo sitakujibu." Nimerudi nyumbani nimelia.

Sijui waliambiana nini pale barazani. Tulikuwa jikoni, wewe na mie, tunashindana kununa. Lingesemwa lolote pale nje tusingelisikia, kila mtu alikuwa anasikiliza moyo wake unavyochemka.

Kaka Mwishehe alikuwapo. Mbane. Wewe ni nduguye, mie ni mgeni hawezi kuniambia. Sikuombi kwa wema, wema kati yetu umekwisha. Nakuomba kwa kuwa sina mwingine wa kumbana.

Jibu upesi.

Rukaiya


Kimbiji
Jumapili, 28 Novemba 1993

Rukaiya,

Waalaykum salaam. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa nilikuwa sikuamini, halafu nikakuamini, halafu nikashindwa kushika kalamu.

Nimembana kaka. Nilimpikia, hakusema. Nilimnunia, hakusema, akasema anapata raha. Juzi baada ya Ijumaa nikakaa chini mbele yake, hili goti langu likipiga kelele, nikamwambia, kaka, umenitoa kwenye shauri la mwanangu wa kumzaa, nimekubali, lakini usinizike. Akasema, "Salma hakuomba deki itoke. Mumewe aliitoa mwenyewe kabla hajaulizwa. Akasema ataweka kibanda cha video mbali na nyumba. Neno la deki lilikwisha kabla kahawa haijapoa."

Nikamwuliza, sasa siku nzima mlikuwa mnasema nini?

"Mlikuwa mnasemwa ninyi."

Rukaiya, nakuandikia kama nilivyoambiwa, sipunguzi. Salma kasema mama mkwe anakaa mlangoni anahesabu wanaoingia, na mama mzazi anafagia chumba anangoja anayetoka. Kasema kila wakigombana wanasikia nyayo zetu. Anwar kasema na yeye hivyo hivyo. Wameomba kaka awape baraka wakapange chumba mahali asipopajua mama hata mmoja, wakae mpaka watakapoona wenyewe wanaweza kuja kutuamkia. Na yule mzee akawapa! Akaapa hatasema ni wapi, na hatasema. Namjua.

Niliondoka pale nikaenda shambani nikatukana mihogo. Nilikutukana na wewe. Bado nakutukana, usidhani nimelainika. Usingekuja na boti yako, wangekuja wazee, ningekuwa mkekani, Salma angenisemea usoni na mie ningemjibu. Umekuja na pikiniki, mie nikakutega, tukaishia jikoni sote kama watoto waliokojoa kitandani, na wao wakapata nafasi ya kutukimbia. Kosa lako kubwa kuliko langu. Langu nalijua mwenyewe na Mola wangu.

Sasa sikia. Mfaume kamwona. Alikwenda kushusha mkaa sokoni Temeke, akamwona Salma anachagua nazi, anazigonga moja moja karibu na sikio kama nilivyomfundisha. Amenenepa kidogo. Anwar alikuwa naye, kabeba kapu, Mfaume anasema walikuwa wanacheka na muuza nazi, wanamwambia nazi zako zina umri mkubwa kuliko wewe. Salma akamwona Mfaume, akaja, akasema, "Kaka Mfaume, mwambie mama mie mzima. Na mama mkwe mwambie Anwar mzima. Lakini ukituona tunakwenda njia ipi, usitutazame." Mfaume akageuka akatazama mkaa wake. Nimemwita mpumbavu. Kasema na awe.

Kwa hiyo wazima, wanakula, wanacheka. Nimekuambia wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote. Si kwa kukupenda. Hapa nikilitaja jina la Salma watu wanauliza kaolewa wapi siku hizi, nami sina la kujibu. Kaka kila nikianza ananigeuzia sikio la kushoto. Wewe najua ukisikia ameonekana sokoni utauliza alivaa nini. Basi alivaa kanga ya bluu, na viatu.

Temeke ni kubwa, usiende kuwatafuta. Nakuonya kabla hujavaa, maana mie mwenyewe nimeshavaa mara mbili nikavua.

Nawe ukipata neno lolote, hata la mtu aliyewaona kwa mbali akadhani ni wao, niandikie. Mfaume anarudi huku Alhamisi. Usimwache aje mikono mitupu. Nijibu upesi.

Mauwa binti Kombo